Mtoto Anakula Lakini Uzito Hauongezeki

  Ikiwa jirani yako ana mtoto wa chini ya miaka 5, mwite msikilize pamoja. Jambo la leo linawasumbua wengi hapa Kitengela, Isinya, Kajiado mjini na kule ndani Mashuuru.

Unampikia mtoto na anakula. Lakini ukifika kliniki, mstari wa uzito katika kijitabu cha mama na mtoto haupandi. Watu wanaanza kunong'ona kwamba humlishi. Wengine wanasema ametupiwa jicho. Mama, kabla hujajilaumu, fahamu jambo hili: chakula kilichoingia mdomoni si lazima kiwe kimeingia mwilini. Kati ya mdomo na damu kuna utumbo, na utumbo ukiumia, chakula kizuri hupita tu na kutoka.

Utumbo hufanya kazi gani?

Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba. Ukuta wake wa ndani si laini kama mpira wa maji. Umejaa vijidole vidogo mno, vilivyosimama kwa wingi kama nyuzi za taulo. Vijidole hivyo ndivyo vinavyofyonza virutubishi na kuvipitisha kwenye damu: protini ya kujenga mwili, mafuta, sukari, madini ya chuma, zinki na vitamini.

Fikiria taulo mpya na taulo iliyochakaa. Mpya hufyonza maji mara moja. Iliyochakaa huyaacha yakitiririka. Vivyo hivyo, vijidole vya utumbo vikifupika na kulala, virutubishi vingi hupotea. Habari njema ni kwamba ukuta huo hujijenga upya kila baada ya siku chache, ikiwa hauumizwi tena na ikiwa mtoto anapata chakula cha kuujenga.

Ni nini kinachouharibu?

Cha kwanza ni kuhara mara kwa mara. Kila mara mtoto anapohara, vijidole huumia. Akihara tena kabla havijapona, madhara hujirundika. Hapa kwetu maji ndiyo shida kubwa. Kitengela wengi tunanunua maji ya mkokoteni au ya lori, na mtungi wa lita 20 unaweza kuchafuliwa njiani hata kama kisima ni safi. Kule malishoni, bwawa moja hunywewa na ng'ombe, mbuzi na watu. Kipindupindu kilichozuka Kenya mwezi wa Oktoba 2022 kilifika pia Kajiado.

Cha pili ni viini vinavyoingia kidogo kidogo kila siku bila mtoto kuhara. Mtoto anayetambaa palipo na kinyesi cha kuku, mbuzi au ndama hutia mikono mdomoni. Utumbo wake huvimba polepole kwa ndani. Utamwona anacheza, hana homa, lakini hakui.

Cha tatu ni minyoo na vijidudu vingine vya tumboni. Minyoo hula sehemu ya chakula cha mtoto, na safura hunyonya damu.

Cha nne ni maradhi yanayohitaji daktari, kama vile Ukimwi na kifua kikuu. Kuna pia watoto wachache ambao utumbo wao huumizwa na ngano. Usimkataze mtoto chakula kwa kukisia. Acha daktari apime.

Tena kuna mazoea yetu ya mezani. Chai ni kinywaji chetu, lakini majani ya chai huzuia madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga yasifyonzwe. Ugali na maharagwe yakifuatwa na kikombe cha chai, damu hupata kidogo.

Mtoto hudhurika vipi?

Akikosa madini ya chuma, damu hupungua: viganja na midomo hupauka, na mtoto huchoka upesi. Akikosa vitamini A, macho hudhoofika na maradhi humshinda. Akikosa zinki, hamu ya chakula hupotea na kuhara hurudi. Huo ni mzunguko mbaya: kuhara huleta utapiamlo, na utapiamlo huleta kuhara.

Hali hii ikiendelea kwa muda mrefu, mtoto hudumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka 5 nchini Kenya, 18 wamedumaa. Kudumaa si ufupi tu, kwa maana ubongo nao unahitaji virutubishi hivyo hivyo. Miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu kimo kilichopotea hapo ni vigumu kurudi.

Ufanye nini?

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Kisha mwanzishie vyakula vingine huku ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi.

Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Yaweke kwenye chombo chenye kifuniko. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumbadilisha mtoto nepi na kabla ya kumlisha. Mtandikie mahali safi pa kuchezea, mbali na mifugo.

Lakini usafi peke yake hautoshi. Ripoti ya utafiti mkubwa uliofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga ilitolewa mwaka 2018. Watoto ambao familia zao zilisaidiwa kwa maji, vyoo na kunawa mikono tu hawakurefuka kuliko wengine. Waliokua vizuri kidogo ni wale ambao mama zao walipewa mafunzo ya kulisha pamoja na lishe ya nyongeza. Basi tushike vyote viwili, usafi na chakula.

Mpe yai, omena, maharagwe, ndengu, maziwa yaliyochemshwa, au nyama iliyokatwakatwa ndogo. Tia mafuta kidogo kwenye sukuma wiki, kwa sababu vitamini A hufyonzwa pamoja na mafuta. Mpe chungwa au nyanya pamoja na maharagwe. Zinasaidia madini ya chuma kuingia. Mtoto mdogo usimpe chai. Nanyi wakubwa, ingoje saa moja au zaidi baada ya kula.

Mpeleke apate vitamini A kila miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Chanjo ya rotavirus, ambayo huzuia kuhara kukali, hutolewa Kenya tangu 2014. Huanza mtoto akiwa na wiki 6, kwa hiyo usichelewe.

Akihara, mpe maji ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14: nusu kidonge cha miligramu 20 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kidonge kizima kwa mkubwa zaidi. Usimnyime chakula wala ziwa. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Mtoto aliyeanza kula akisumbuliwa na maziwa ya ng'ombe baada ya kuhara kwa muda mrefu, mala iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa huwa nyepesi zaidi kwa utumbo.

Neno moja kwa shosho na wazee wetu, kwa heshima. Kumekuwa na mila ya kuchimbua vijimeno vichanga katika ufizi wa mtoto anayehara. Mila hiyo haiponyi utumbo. Huleta kidonda, damu kutoka na maambukizi, na huchelewesha matibabu.

Usingoje

Mpeleke kituo cha afya mara moja ikiwa kuhara kumefika siku 14, kuna damu, macho yamezama, hawezi kunywa au kunyonya, au miguu imevimba. Mpeleke pia uzito usipopanda kwa miezi miwili mfululizo. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii ampime mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni hatari: mpeleke siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 anahitaji msaada wa lishe.

Ukifika, usiseme tu "hali". Mweleze daktari anakula nini, anahara mara ngapi, na maji mnatoa wapi. Maelezo hayo yatamwonyesha pa kuanzia.

Maswali ya kujadili na wenzako

1. Maji ya mtoto wako hutoka wapi, na hupitia mikono mingapi?
2. Mtoto wako huchezea wapi, na mifugo hulala wapi?
3. Mstari wa uzito katika kijitabu chake ulipanda mara ya mwisho lini?