Kuongeza diski ya kompyuta pepe bila ya kuizima

Diski ya kuhifadhia data inapojaa ghafla, wengi hukimbilia kuzima mashine na kuiwasha upya. Makala haya kutoka Maskati yanaeleza kwa nini mara nyingi hatua hiyo haina haja, na jinsi nafasi inavyoongezwa kazi ikiendelea.

Juma hili tuko Maskati, mji mkuu wa Omani, ambako Kiswahili bado kinasikika majumbani na madukani, hasa miongoni mwa familia zilizorejea kutoka Zanzibar na bara la Afrika Mashariki baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970.

Usiku mmoja wa Ramadhani, katika studio moja mtaani Ruwi, tulikuwa tukirekodi masimulizi ya mzee mmoja aliyepindukia miaka themanini. Alikuwa akieleza jinsi alivyosafiri akiwa kijana na jahazi la babake, kwa upepo wa kusi, kutoka Unguja hadi Omani. Sauti yake haikuhifadhiwa katika mashine iliyokuwa mbele yetu, bali katika kompyuta pepe iliyokuwa kwenye chumba cha seva. Diski ya data ya kompyuta hiyo ilikuwa karibu kujaa. Fundi wa zamu akaiongeza gigabaiti mia mbili, akatazama, akaona nafasi ni ile ile. Akadhani kazi imeshindikana, akaizima mashine na kuiwasha upya.

Mashine ilichukua dakika ishirini kurejea. Muda wote huo mzee aliendelea kusimulia, nasi tuliokuwa studioni hatukujua kwamba hakuna kinachorekodiwa.

Je, fundi yule alikosea wapi? Ili kulijibu swali hilo, msikilizaji, hatuna budi kwanza kufahamu kompyuta pepe ni kitu gani.

Kompyuta pepe ni kompyuta isiyokuwa na mwili wake yenyewe. Ndani ya seva moja kubwa huwekwa programu simamizi, ambayo mafundi huiita haipavaiza, nayo huzigawa nguvu za seva hiyo kwa mashine nyingi, kila moja ikijiona kuwa inajitegemea. Fikra hiyo si ngeni. Kampuni ya IBM ilianza kuishughulikia katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wake wa VM/370. Katika ofisi za kawaida ilienea baadaye, kupitia kampuni ya VMware iliyoanzishwa California mwaka 1998, kisha Hyper-V ya Microsoft na KVM ya Linux.

Diski ya mashine ya namna hiyo mara nyingi ni faili kubwa tu lililomo ndani ya hifadhi ya seva. Na kwa kuwa ni faili, laweza kurefushwa bila ya mtu kushika bisibisi. Lakini kurefusha faili hilo ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake.

Chukua mfano wa kiwanja. Ukiongezewa hatua kumi nyuma ya ghala lako, ghala halikui usiku ule ule. Kwanza lazima mwenye ghala ajulishwe mpaka mpya ulipo, kisha ukuta wa ua usogezwe, na mwishowe ghala lenyewe lijengwe hadi kufikia ukuta huo. Diski nayo ina ngazi kama hizo, na kila ngazi huhitaji amri yake.

Ngazi ya kwanza ni diski pepe yenyewe, inayoongezwa kutoka katika programu simamizi. Hii ndiyo hatua pekee aliyoifanya fundi wetu.

Ngazi ya pili ni mfumo endeshi ulio ndani ya kompyuta pepe. Mara nyingi mfumo huu huukumbuka ukubwa wa diski uliousoma wakati wa kuwaka, hivyo sharti uambiwe usome upya. Katika Windows, programu ya diskpart hufanya hivyo kwa amri ya rescan. Katika Linux, huandikwa tarakimu 1 katika faili liitwalo rescan, la diski inayohusika, chini ya /sys/class/block. Baadhi ya diski za KVM hujitangaza zenyewe pindi zinapoongezwa.

Ngazi ya tatu ni kizigeu, yaani sehemu iliyotengwa ndani ya diski. Katika Linux, programu ya growpart hukisogeza mpaka wake wa mwisho. Pale panapotumika mfumo wa LVM, hufuata pvresize na lvextend. Ikiwa diski nzima imetumika bila ya kizigeu, ngazi hii hurukwa.

Ngazi ya nne ni mfumo wa mafaili, ambao ndio daftari la kila kilichohifadhiwa na mahali kilipo. Kwa ext4 hutumika resize2fs, na kwa XFS hutumika xfs_growfs, yote mawili huku mafaili yakiendelea kuandikwa. Katika Windows, amri ya extend ya diskpart hukamilisha ngazi ya tatu na ya nne kwa pamoja. Hapo ndipo nafasi mpya inapoonekana, na wala hakuna mtu aliyekatizwa kazi yake.

Huenda ukauliza, msikilizaji, mbona wengine husisitiza kuwa kuzima ni lazima? Sababu moja ni mazoea ya zamani. Katika Windows Server 2003, diskpart iliweza kurefusha sehemu ya data, lakini si sehemu yenye mfumo endeshi wenyewe. Hyper-V nayo iliruhusu kuongeza diski mashine ikiwa inafanya kazi kuanzia toleo la 2012 R2, tena kwa diski za aina ya VHDX zilizounganishwa kwa njia ya SCSI. Ndiyo maana wataalamu hushauri data iwekwe katika diski ya peke yake, mbali na ile ya mfumo endeshi.

Hata hivyo, ipo mipaka ya kuzingatiwa. Diski iliyogawanywa kwa mpango wa zamani wa MBR kwa kawaida haiwezi kutumia zaidi ya takriban terabaiti mbili. Kwa ukubwa unaozidi hapo unahitajika mpango wa GPT. Katika VMware, diski yenye picha za hali ya awali ya mashine haikubali kuongezwa mpaka picha hizo zifutwe. Aidha, ni rahisi kuongeza kuliko kupunguza, kwa hiyo usiongeze kwa pupa. Na kabla ya kuahidi nafasi mpya, hakikisha kuwa hifadhi halisi ya seva inayo, kwani programu simamizi yaweza kugawa kwenye karatasi kingi kuliko kilichomo ghalani.

Juu ya yote, iwepo nakala ya akiba, nayo iwekwe mahali pengine. Maskati iliyopigwa na kimbunga Gonu mwezi Juni 2007, na kukumbwa na mafuriko ya Shaheen mwezi Oktoba 2021, haihitaji kukumbushwa kwamba maji hayachagui chumba.

Sauti ya studio ya kiwango cha kilohezi 48 na biti 24, kwa njia mbili, hula takriban gigabaiti moja kwa saa. Gigabaiti mia mbili alizoongeza fundi wetu zingetosha kiasi cha saa mia mbili za masimulizi. Nafasi ilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni amri mbili tatu.

Mzee wetu alirudi siku ya pili, akasimulia upya kwa hisani yake. Lakini wimbo wa mabaharia wa kutweka tanga, ambao alikuwa ameuimba mashine ikiwa imezimwa, hakuurudia. Alisema sauti yake ilikuwa imekauka kwa saumu, nasi hatukumlazimisha.