Spektrometria ya masi ya ioni za upili

Spektrometria ya masi ya ioni za upili (kifupi: SIMS) ni mbinu ya kuchunguza uso wa kitu kigumu ili kujua elementi na isotopi zilizomo. Hutumiwa katika elektroniki, jiolojia, biolojia na sayansi ya anga-nje.

Utendaji

Sampuli huwekwa ndani ya ombwe na kupigwa kwa mwale mwembamba wa ioni, kwa mfano za oksijeni. Mgongano hung'oa atomu na molekuli kutoka tabaka za juu kabisa. Sehemu ndogo ya hizo hutoka zikiwa na chaji ya umeme: ndizo ioni za upili. Chombo huzitenganisha kufuatana na masi, ama kwa sumaku, ama kwa kupima muda wa safari yake, kwa kuwa ioni nyepesi hutangulia kufika.

Umuhimu wa upambanuzi

Ioni mbili tofauti zinaweza kuwa na namba ya masi ileile. Fosforasi-31 ina masi ya 30.974, lakini silikoni-30 iliyoungana na hidrojeni ina 30.982. Chombo kisichoweza kuzitofautisha huhesabu silikoni ya sampuli yenyewe kuwa fosforasi. Kwa watengenezaji wa chipu za kompyuta kosa hilo ni kubwa, maana fosforasi kidogo tu hubadilisha jinsi silikoni inavyopitisha umeme. Kuzitenganisha kunahitaji upambanuzi wa 4000 hivi, yaani kutambua tofauti ya sehemu 1 kati ya 4000 ya masi.

Historia na matumizi

J. J. Thomson wa Uingereza aliona ioni za upili mwaka 1910. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Raimond Castaing na Georges Slodzian walitengeneza hadubini ya ioni nchini Ufaransa.

Chombo cha SHRIMP, kilichobuniwa Canberra, Australia, kilipima urani na risasi katika chembe za zirkoni kutoka Jack Hills. Moja ilionekana kuwa na umri wa miaka bilioni 4.4. Chombo cha angani Rosetta nacho kilibeba kifaa cha aina hii, COSIMA, kuchunguza vumbi la nyotamkia 67P.

Mipaka

Uwezekano wa atomu kutoka ikiwa ioni hutegemea sana vitu vinavyoizunguka. Kwa hiyo ili kujua kiasi halisi cha elementi, ni lazima kulinganisha na sampuli ya aina ileile ambayo viwango vyake vimeshajulikana.