Kaunti Zisingoje Nairobi Iziwashie Taa

Majuma machache yaliyopita nilijikuta katika soko moja dogo kando ya barabara ya vumbi, jua likiwa limekwisha kutua. Mbele yangu ilisimama nguzo ndefu ya chuma, na juu yake paneli ya sola pamoja na taa kubwa iliyowekwa hapo na serikali ya kaunti. Taa hiyo haikuwaka. Chini yake akina mama walikuwa wakiuza nyanya na mboga kwa mwanga wa koroboi na tochi za simu. Nilipomuuliza mmoja wao kisa na maana, alinijibu kwa utulivu: "Mwanangu, siku ya kuizindua walikuja kwa magari mengi. Tangu betri ife, hatujaona hata baiskeli."

Maneno hayo yamenikaa moyoni, kwa maana yanaeleza kwa ufupi kile kinachozikwaza serikali zetu za mashinani katika suala la kawi safi. Uwezo upo, na sheria ipo. Kinachokosekana ni moyo wa kulishika jambo na kulitunza baada ya utepe kukatwa.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mambo ya umeme ni ya Nairobi peke yake. Mazoea hayo yana asili yake. Kabla ya Katiba ya 2010, mabaraza ya miji na ya wilaya yalikuwa chini ya mkono wa waziri, na diwani aliyetaka umeme kijijini mwake hakuwa na la kufanya ila kuomba. Lakini Katiba hiyo, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na gesi pamoja na usimamizi wa kawi. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri. Kwa hivyo gavana anayesema kwamba anaingoja Nairobi anajinyima fimbo aliyokwisha kupewa.

Ni kweli kwamba nchi yetu ina haki ya kujivunia. Tangu 1981 mvuke wa ardhini wa Olkaria umekuwa ukituzalishia umeme, na sehemu kubwa ya umeme tunaotumia nchini hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Hata hivyo, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikipikia kuni. Tazama pia kisa cha Marsabit. Karibu na Ziwa Turkana katika kaunti hiyo kuna mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Laini ya kusafirisha umeme huo ilipokamilika 2018, ilivuka zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ilhali mji wa Marsabit wenyewe ulibaki ukitegemea jenereta za dizeli. Mitambo mikubwa peke yake, basi, haimfikishii mwananchi mwanga. Ni lazima awepo aliye karibu naye wa kuuliza: na huyu je?

Aliye karibu naye ni kaunti. Wala sizitaki kaunti zikajenge mabwawa. Nataka zianzie nyumbani mwao. Zahanati ni za kaunti, na humo muuguzi huzalisha akina mama usiku na kuhifadhi chanjo zinazoharibika friji ikizimika. Maji ni jukumu la kaunti, na visima vingi katika nyanda kame vimekuwa vikivutwa kwa dizeli, hata jenereta ikiharibika mifugo hufa na watoto hutembea mwendo mrefu kutafuta maji. Shule za chekechea ni za kaunti, na pale wanapopikiwa watoto uji, mara nyingi moto ni wa kuni. Masoko na taa za barabarani ni za kaunti pia. Gavana akihakikisha kwamba zahanati, visima, jikoni za chekechea na masoko yake yote yanatumia kawi safi, atakuwa ameubadilisha uhai wa watu wake kabla hajaomba kibali cha mtu yeyote.

Isitoshe, ni kaunti inayoidhinisha ramani za majengo. Inaweza basi kudai kwamba hoteli au nyumba za kupangisha zinazojengwa leo ziwe na mahali pa kuweka paneli, na madirisha ya kuingiza mwanga na hewa ili taa zisiwashwe mchana kutwa.

Kuhusu makaa, tumeona kwamba amri peke yake haitoshi. Mwaka 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa ili kuiokoa misitu yake, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini mchoma makaa ana watoto wanaotaka karo, na mpishi ana sufuria inayongoja moto. Anayewazuia hawa wawili hana budi kuwaonyesha njia nyingine: miche ya miti ikuayo upesi, meko yanayotumia kuni chache, gesi ya kinyesi cha ng'ombe kwa wafugaji wa zizini. Moshi wa jikoni huharibu mapafu ya akina mama na ya watoto wanaobebwa mgongoni, na matibabu yao hulipiwa katika hospitali za kaunti hiyo hiyo.

Najua nitaambiwa kwamba fedha hazitoshi. Siwezi kulipinga hilo moja kwa moja. Lakini Sheria ya Kawi imetenga asilimia 20 ya mrabaha wa mvuke wa ardhini kwa kaunti husika na asilimia 5 kwa jamii ya mahali penyewe, na wananchi wana haki ya kuuliza fedha hizo zimefanya nini. Tena, nguvu nyingi hupotea katika ugomvi. Februari 2025 malori ya Kaunti ya Nairobi yalimwaga taka nje ya makao makuu ya kampuni ya Kenya Power kwa sababu ya mzozo wa madeni. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa ni mchuuzi anayefunga kibanda mapema kwa hofu ya giza.

Dawa ya taa iliyokufa nayo haihitaji wataalamu wa ng'ambo. Kila mradi wa sola utengewe fungu la matengenezo katika bajeti ya kila mwaka, kwani betri huzeeka na lazima ibadilishwe. Vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo pia ni vya kaunti, vifunze vijana kuzitengeneza paneli na pampu hizo, ili fundi atoke wadi ile ile. Nao wawakilishi wa wadi wadai taarifa kila mwaka: taa ngapi zinawaka, pampu ngapi zinavuta maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nasi wananchi tusijitoe lawamani. Vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti huitishwa kila mwaka, na aghalabu viti hubaki vitupu. Kitakapoitishwa cha kwenu, ewe msomaji, nenda ukaulize maswali mawili tu: mpango wetu wa kawi uko wapi, na nani atakayebadilisha betri? Yule mama wa sokoni amekwisha kuuliza la pili kwa namna yake. Sioni sababu ya kumwacha aulize peke yake gizani.