Kabla ya Kilomita, Rede

Karatu ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Si ajabu wazazi wa hapa wakimwona mtoto mwepesi huanza kuota medali. Wengi hunifuata uwanjani: "Mwalimu, huyu wangu ana miaka saba, nimkimbize kilomita ngapi kwa siku?"

Usimpangie kilomita, mama. Mpe rede, kombolela, kuruka kamba.

Mifupa ya mtoto hurefuka kutokea sehemu laini zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo huumia haraka mwendo uleule ukirudiwa kila siku. Michezo ile humgeuza, humrusha, humsimamisha ghafla. Mwili wote unajifunza.

Darasa la pili nawafundisha mbio za kupokezana kwa gunzi la hindi. Mpokeaji ananyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na hageuki kutazama. Mwanzoni wote hugeuka! Siku wanapoacha kugeuka, furaha yao hunikaa moyoni. Kisha mbio fupi, mita 30 hivi, kurudi kwa kutembea, na ninawasimamisha wakiwa bado wanataka.

Peku kwenye nyasi inatosha, ila kagua miiba kwanza. Maji yawepo, jua la mchana liepukwe. Goti au kisigino kikiuma siku kadhaa, apumzike. Maumivu yakiendelea, mpeleke zahanati, hata kama mashindano ni kesho.