Kuchagua repita ya redio: maswali ya kuuliza kabla ya kununua



Kutoka Mpala hadi Kalemie ni karibu kilometa 100 kwa mstari ulionyooka. Mtu akisimama ufukoni na redio ya mkononi, ile ambayo wengi huiita motorola, na mwenzake naye yuko chini kama yeye, sauti inafika kilometa kama 10 tu. Walio nyuma ya kilima hawasikii kitu. Hapo ndipo uvumi unapopata njia: boti imechelewa, mmoja anasema imeshambuliwa, na jioni familia zimekwisha kufunga mizigo.

Gharama ya kukosa habari inajulikana katika nchi yetu. Desemba 2009 kundi la LRA liliua watu wasiopungua 321 upande wa Makombo, Haut-Uele. Habari kamili zilitoka Machi 2010. Baadaye Kanisa Katoliki na mashirika walieneza foni, yaani redio za mawimbi mafupi, katika vijiji vya kule ili watu wapashane habari mapema.

Foni inavuka mamia ya kilometa, lakini inakaa mahali pamoja. Repita inasaidia mtu anayetembea. Ni mashine ya kuwekwa mlimani: inapokea sauti kwenye wimbi moja, na papo hapo inairusha tena kwenye wimbi lingine. Basi swali la kwanza ni mlima. Repita iliyo mita 400 juu ya ziwa inaweza kumfikia mtu wa ufukoni aliye kilometa 80 na zaidi, ikiwa hakuna mlima mwingine katikati. Hata hivyo Kalemie bado iko mbali. Kwa safari hiyo msitupe foni.

Swali la pili ni umeme, na hapa wengi hukosea kwa kutaka nguvu nyingi. Repita ya wati 10 inakula ampea 3 au 4 inaporusha. Ya wati 50 inakula zaidi ya 10. Ikirusha saa nne kwa siku, ile ndogo itahitaji kama ampea-saa 25 mchana na usiku. Betri ya 100, isiyoshushwa chini ya nusu, itavumilia siku mbili za mawingu. Sisi tungechagua ndogo, na fedha inayobaki tungeitia katika sola, antena nzuri, na waya mnene wa shaba wa kupeleka radi ardhini.

Jihadharini na zawadi. Wapenda redio wa nchi za nje, wale wanaorusha kwa kujifunza bila biashara, hutoa repita zao za zamani kwa moyo mwema. Mara nyingi mawimbi yake mawili yanatofautiana kilohezi 600 tu. Yale mapipa marefu ya kuchuja, dupleksa, yamerekebishwa kwa mawimbi ya kwao. Mkibadilisha wimbi bila fundi mwenye vipimo, mashine inajiziba masikio yenyewe: inarusha vizuri lakini haisikii. Redio mbili za gari zilizounganishwa nazo huungua upesi zisipopunguzwa nguvu. Tena kibali cha mpenda redio ni cha mtu aliyefaulu mtihani, na si cha kazi za shirika wala za kamati. Kamati iombe wimbi lake kwa serikali kabla ya kununua chochote.

Wauzaji watawasifia mashine za dijitali zinazoficha maneno. Tulibishana sana juu ya hili. Yeyote mwenye redio rahisi ataisikia ile ya kawaida, hata mwenye bunduki. Lakini redio ambayo Waluba wanaisikia na Batwa hawaisikii, au kinyume chake, itaitwa redio ya wapelelezi, na siku moja itachomwa. Tunapendelea ile ya wazi, pamoja na mapatano: hakuna kutaja mahali familia zilipojificha, wala njia watakayopita kesho, wala jina la aliyeleta habari.

Baki la ufunguo wa kibanda cha mlimani. Wekeni kufuli mbili, moja kwa kila upande, na mlinzi anayelipwa na wote.