Bibi Kidude Alikuwa Somo

Akitajwa Bibi Kidude, wageni hukimbilia sigara na bia. Ajuza wa Kizanzibari anavuta, anakunywa, anaimba majukwaani Ulaya. Kwao habari imekwisha hapo. Wamemfanya kioja, na sisi wenyewe tumeanza kumkumbuka hivyo hivyo. Inaniuma. Fatuma binti Baraka, maana hilo ndilo jina lake halisi, alikuwa somo, yaani kungwi, na asiyeijua kazi ya somo hajamjua mama huyu.

Taarabu naipita. Nani asiyejua kuwa aliichota kwa Siti binti Saad, na kuwa mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX? Sauti ile haihitaji wakili.

Unyago ndio unaohitaji kutetewa. Mtoto wa kike akivunja ungo hukabidhiwa somo, na ngoma yake ikichezwa mwanamume hasogei. Msondo, ngoma yenyewe ya unyago, hupashwa moto mpaka ngozi ikaze. Mpigaji huufunga kiunoni kwa kanga, ukasimama katikati ya miguu yake, akaupiga wima huku wanawake wakimwitikia na viuno vikijibu. Bibi Kidude aliupiga hivyo hata uzeeni, na vijana wakachoka kabla yake. Humo mwari hufundishwa mwili wake, usafi wake, namna ya kukaa na mume, na kwamba raha ya ndoa ni haki yake pia. Wako wanaoyaita mambo hayo uchafu. Uchafu gani? Ni lipi bora, binti aambiwe na mtu mzima anayemtakia heri, au ayaokote njiani?

Tena somo hamwachi mwari wake ngomani. Harusi ikifika ndiye anayemsugua singo, asumini na mawaridi yaliyotwangwa pamoja na liwa na karafuu, mpaka ngozi inateleza na harufu inabaki chumbani. Ndoa ikiingia doa, kwa somo ndiko mwari anakokimbilia kwanza, kabla ya kwa mama yake.

Bibi Kidude hakujaliwa mtoto. Aliolewa, akaona ndoa hazimfai, akatoka, akajitafutia riziki kwa ngoma, hina na dawa za miti shamba. Watu humsikitikia eti alikufa bila wajukuu. Mwanamke aliyemfunda mama, kisha akaletewa binti wa mama yule naye amfunde, anakosaje wajukuu? Ng'ambo nzima, mitaa yake ya mjini Zanzibar, ilimwita bibi, na haikuwa adabu ya mdomoni tu.

Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Siku hizi bibi harusi hutafutiwa saluni, mpambaji na mpiga picha, na somo, kama ataitwa, hupewa kiti cha nyuma. Kicheni pati ya jioni moja, yenye mshereheshaji na kipaza sauti, haimfundi mtu. Makungwi wanaoyajua mambo haya wangaliko, Ng'ambo na mashamba, ingawa umri umekwenda. Mwenye binti ampeleke kwao sasa, wangali hai.