Mshipa wa Fahamu Unapobanwa Mgongoni

Katika nyumba zetu yupo mama anayeamka alfajiri, akabeba dumu la maji la lita 20, akainama kwenye mbuzi kukuna nazi, kisha akampakata mtoto mchana kutwa. Akichomwa na maumivu baina ya makombe ya mabega husema, "Ni uchovu tu," akanyamaza. Subira ni ibada, lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Kutafuta tiba, basi, hakuvunji subira.

Mgongo wa juu una pingili 12 zilizoshikana na mbavu. Baina ya pingili mna sahani laini mfano wa mto, na pembeni hutoka mishipa ya fahamu iendayo kifuani na tumboni. Sahani ikitokeza nje, au mfupa ukiota kwa umri, mshipa hubanwa. Maumivu yake huchoma na kuzunguka ubavuni kama mkanda, pengine pamoja na ganzi, na huweza kuzidi mtu akikohoa au kupiga chafya.

Kwa kuwa mbavu huishikilia sehemu hiyo, mshipa hubanwa hapo kwa nadra kuliko shingoni na kiunoni. Mara nyingi maumivu ya hapo ni ya misuli iliyokaza, au chanzo chake ni shingo. Mkanda wa jeshi nao huweza kuanza vivyo hivyo kabla ya vipele kutokeza. Ndiyo maana haifai kujipa hukumu nyumbani. Daktari ndiye wa kupambanua.

Wengi hupata nafuu kwa wiki kadhaa bila kupasuliwa. Usilale kitandani siku nyingi; tembea polepole. Jikande kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Beba maji kidogo kidogo, na unaponyonyesha muinue mtoto kwa mto badala ya kumwinamia. Mtaalamu wa viungo atakufunza mazoezi yafaayo. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au mimba asinunue dawa za maumivu kabla ya kuuliza. Hijama ina asili katika Sunna, lakini ifanywe na mjuzi kwa vifaa safi, wala isichukue nafasi ya uchunguzi. Na mkandaji asikukanyage wala kukupindua mgongo.

Nenda hospitali bila kuchelewa miguu ikilegea au kufa ganzi, haja ikikutoka bila kujua au ikizuilika, au maumivu yakifuatana na homa, kukonda au kuamshwa usiku. Kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo. Kifua kikikubana, ukatoka jasho na kukosa pumzi, hiyo huenda ikawa ni moyo: usingoje hata saa moja.

Na asiyeweza kusimama, aswali kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Ndivyo Mtume alivyomuelekeza Imran bin Huswayn alipokuwa mgonjwa. Nanyi waume na vijana, kumbukeni kuwa Mtume mwenyewe alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Chukueni dumu hilo kabla mgongo wa mama haujalia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.